Viini Kumi vya Winga
JICHO LA JANGWANI, na Hamisi Mkwaju

Winga wa Kariakoo akikuona umesimama mbele ya HP Z420, lile boksi jeusi zito, hasubiri uulize bei. "Xeon hiyo bosi, viini kumi, imetoka ofisi za Ulaya." Kijana anayehariri video za harusi akisikia viini kumi, mkono tayari umeshaingia mfukoni.

Mimi wingi wa viini haunibabaishi. Nauliza kwanza prosesa ni ya mwaka gani na itafanya kazi gani.

Chukua Xeon E5-2690 v2. Ilitoka 2013, ina viini 10, imepimwa kwa wati 130. Iweke pembeni ya Core i5-8500 ya 2018, viini 6, wati 65. Kwa hesabu za winga mjadala umekwisha. Lakini mchora ramani anatumia AutoCAD, na sehemu kubwa ya mzigo wa AutoCAD hubebwa na kiini kimoja tu. Vile tisa vinakaa kama abiria wa daladala wanaomtazama dereva. Hapo kinachotakiwa ni kasi ya kiini kimoja. Xeon hiyo ikijikaza inafika gigahezi 3.6, i5 inafika 4.1, tena usanifu wake mpya unamaliza kazi nyingi zaidi katika kila mzunguko.

Mhariri wa harusi naye ana lake. Xeon hizo hazina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo kila kitu kinaiangukia kadi uliyowekewa, na kadi za mtumba tunazijua. Ile i5 ina Quick Sync, ambayo Intel waliianza 2011 mahsusi kwa kufungua na kufunga video, na Premiere Pro inajua kuitumia.

Sisemi Xeon ni takataka. Anayerenda majengo kwa Blender usiku kucha anavitumia viini vyote kumi, na mashine inampokelea RAM ya ECC, inayojisahihisha makosa. Huyo achukue, mradi awe na moyo wa kulisha LUKU.

Kuna jambo winga halisemi kabisa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na E5 v2 haimo kwenye orodha ya prosesa za Windows 11. Fundi ataipachika kijanja na itawaka, ila utakuwa umenunua mashine ambayo mwenye programu haitambui. Hilo peke yake linatosha kushusha bei.

Ningekuwa na mamlaka, kikaratasi cha bei kingebeba jina kamili la prosesa, namba na herufi zake zote. Kwa sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye grafu ya CPU, jina lote liko juu kulia. Kisha chomeka flashi yenye kazi yako mwenyewe, uifungue hapo hapo dukani. Muuzaji akigoma, duka la jirani liko hatua tatu.