Gari la Zamani Halifi kwa Safari, Linakufa kwa Unyevu

Masika yakianza, Machi hadi Mei, njia za kupanda milima ya Vidunda, wilayani Kilosa, huwa tope na utelezi, na mwenye Land Rover 109 huona heri aipaki hadi mvua zikatike. Toleo lake la Series III lilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa hiyo hata lile changa kabisa lina miaka takriban 40. Gari la umri huo linaharibika upesi zaidi likikaa vibaya kuliko likifanya kazi. Yapo madai yanayorudiwa kila gereji, na mengi yanasahau adui yuleyule: maji.

"Bodi ni aluminiamu, haishiki kutu."
Bodi ni kweli. Lakini imekalia chesisi ya chuma, tena chesisi yenye uwazi ndani. Tope likiingia humo hukaa bichi kwa wiki kadhaa, na chuma huliwa kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa nzima. Chukua nyundo ndogo ugonge kuanzia mbele hadi nyuma: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, maji yakikaa katikati, aluminiamu nayo huliwa. Utaona rangi imevimba, ukiikwangua unakuta unga mweupe. Kabla ya kulipaki, lioshe chini hadi matundu ya chesisi yatoe maji safi, likauke juani, kisha pulizia oili ndani.

"Lifunike turubai, yameisha."
Turubai la plastiki huzuia mvua, lakini hunasa pia mvuke unaopanda kutoka ardhini usiku. Asubuhi bodi imelowa na hakuna upepo wa kuikausha. Bora banda lenye paa na pande wazi, chini kukiwa na zege au changarawe. Usilipaki karibu na ghala la mahindi, maana panya wanaofuata nafaka hutafuna na nyaya. Epuka pia bondeni: mafuriko ya Mto Mkondoa yaliyoikumba Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu hata Reli ya Kati.

"Liwashe dakika 5 kila wiki."
Hili ndilo linaloaminiwa zaidi, na linaumiza injini polepole. Mafuta yakiungua hutoa mvuke wa maji. Injini isiyopata moto sawasawa haiwezi kuufukuza, hivyo maji hubaki kwenye oili na ndani ya ekzosi. Liendeshe nusu saa hadi injini, gia boksi na difu zipate moto, au usiliwashe kabisa. Ukiamua likae, mwaga oili chafu kwanza, kwa sababu ina asidi, uweke mpya. Jaza tangi ili pasibaki nafasi ya unyevu kutanda juu ya chuma, na ufungue waya hasi wa betri.

"Huku hakuna barafu, maji ya kawaida yanatosha kwenye rejeta."
Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na huchelewesha kuchemka. Bloku ya injini ya lita 2.25 ni chuma cha kutupwa. Ukiijaza maji matupu, kutu huchambuka na kuziba mirija ya rejeta, na utayajua hayo ukiwa mlimani na magunia nyuma.

"Mafuta ya breki hayaharibiki."
Yanaharibika hata kama gari halitembei, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewani. Kwenye mteremko mrefu ngoma za breki hupata moto mkali, maji yaliyomo ndani ya mafuta yanachemka, na pedali inazama mguuni. Yabadilishe kila baada ya miaka 2. Yakipungua usiongezee oili ya injini, kwani mipira ya breki itavimba. Kosa hili linaua watu, na Vidunda ni milima.

"Hendibreki inalishikilia likiwa kwenye jeki."
Hailishikilii. Hendibreki ya gari hili haipo kwenye magurudumu. Inakamata shafti nyuma ya gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliruhusu lile la chini lizunguke. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi kabla hujashika jeki.

"Limepitwa na wakati, liuze chuma chakavu."
Gari hili linafunguliwa kwa spana, halina kompyuta, vipuri vyake bado vinatengenezwa, na fundi wa kijijini anaona ubovu kwa macho. Katika milima iliyo mbali na gereji kubwa, hiyo ni faida ya kweli. Lakini ni faida ya anayelitunza. Oili, kulanti na mafuta ya breki ni gharama ya kawaida, lakini chesisi iliyooza humlazimu mwenyewe kulivua gari zima. Fanya matunzo haya Februari, kabla ya mvua.