Jina Kubwa Halikuajirii Mtu

Chienge, huku Zambia, si mji wa kapuchino. Hata hivyo, kwenye ufuko huu wa Ziwa Mweru, kuanzia Puta hadi soko la Kashikishi, wapo wenye fedha za samaki wanaotamani kufungua Lusaka mkahawa chini ya chapa ya wengine, kama Mugg & Bean ya Afrika Kusini, iliyo chini ya Famous Brands tangu 2009. Ukiwauliza habari za wafanyakazi, wanajibu upesi mno.

Wanasema mwenye chapa ataleta watu. Atakachokupa ni mwongozo, mafunzo ya kuanzia na mkaguzi. Mkataba wa ajira unautia saini wewe. NAPSA, mfuko wa pensheni, watakudai asilimia 5 ya mshahara, yako, pamoja na 5 uliyomkata mfanyakazi, na NHIMA, bima ya afya, asilimia 1 kwa kila upande.

Wanasema kahawa ni kahawa, kijana yeyote ataiweza. Espresso ya vikombe viwili huhitaji kama gramu 18 za kahawa iliyosagwa, presha ya 9 bar, sekunde 25 hadi 30. Hewa ikibadilika, usagaji nao unabadilishwa. Asubuhi moja haitoshi kumfundisha mtu hayo.

Linalonikera zaidi ni hili: ziwa likifungwa, vijana watakubali mshahara wowote. Ni kweli uvuvi husimama kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na miezi hiyo vijana wa Chienge na Nchelenge huhangaika. Basi unamchukua mmoja kwa mshahara wa njaa. Desemba anajifunza, Januari anaizoea mashine, Februari wateja wanamjua kwa jina. Machi nyavu zinarudi majini, naye anapanda basi. Kisha unalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawatulii! Sheria ya ajira ya Zambia ya 2019 inaweka majaribio ya kuanzia yasiyozidi miezi 3, karibu sawa na muda wa ziwa kufungwa. Unayetaka abaki, mwambie siku ya kwanza mwezi wa nne atalipwa nini, na chumba cha Lusaka atakilipia nani. Wala usifikirie kumfanya kibarua mwaka mzima. Sheria hiyohiyo inakataza vibarua katika kazi ya kudumu.

Eti ukimfundisha atakimbilia Dubai. Wengine watakwenda, kama wanavyokwenda Wakenya na Waganda. Java House ilianza na duka moja Nairobi mwaka 1999, ikavuka hadi Uganda na Rwanda, na ndege za Ghuba hazikuacha kuruka. Piga hesabu: duka lililo wazi saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, siku zote saba, lina saa 98 kwa wiki. Kwa saa 48 za kawaida kisheria, hata watu wawili hawatoshi kwenye mashine moja. Watatu unawahitaji hata kama Dubai isingekuwepo, na mmoja akiondoka wawili wanamfundisha wa nne.

Mwisho, wanasema wakala wa ajira atamaliza yote. Wakala huchuja majina, basi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unamzuia kumtoza anayetafuta kazi, kwa hiyo muulize analipwa na nani. Kijana anayeanza kazi akiwa na deni la wakala huanza pia kutafuta mshahara mkubwa kwingine, tena wiki hiyohiyo.