Fidia ya Fundi wa Viyoyozi Isiachwe Nje ya Zabuni

Joto la Juba limekwisha kuwa jambo la Serikali. Mwezi Machi 2024 shule za Sudan Kusini zilifungwa baada ya kutabiriwa joto la hadi nyuzi 45, na Februari 2025 zikafungwa tena kwa kuwa wanafunzi walikuwa wakizimia. Siku kama hizo kila ofisi, hoteli na zahanati yenye uwezo humtafuta fundi wa viyoyozi. Humwita kwa haraka, humtaka apande kwa haraka, na bei yake huipunguza kwa haraka zaidi.

Tunataka kusema juu ya kitu kinachokatwa pamoja na bei hiyo, nacho ni bima ya fidia ya wafanyakazi.

Mashine ya nje hufungwa ukutani au juu ya paa, na fundi huifikia kwa ngazi. Mabomba huunganishwa kwa moto, kisha hupimwa kwa gesi yenye mgandamizo mkubwa. Baadhi ya gesi mpya za ubaridi, kama R32 na R290, hushika moto. Hapa Juba liko na jambo jingine: majengo mengi yana umeme wa mji na wa jenereta. Fundi huzima ule wa mji, akaingiza mkono ndani ya mashine. Mlinzi asiyekuwa na habari huwasha jenereta. Mlinzi huyo hana kosa, kwani hakuna aliyemwambia.

Bima ya namna hii hutozwa kwa kufuata jumla ya mishahara na hatari ya kazi. Mkandarasi aliyewaandika mafundi wake wote hulipa. Mwenzake anayeokota vibarua asubuhi na kuwaacha jioni halipi kitu, kwa kuwa katika vitabu vyake watu hao hawapo. Wote wawili hupeleka zabuni kwenye meza moja, na meza hiyo huchagua bei ya chini. Basi ni mnunuzi anayemwadhibu mwaminifu, na mara nyingi mnunuzi huyo ni ofisi yenye mabango ya usalama kazini ukutani.

Wakandarasi husema bima ni ghali. Hatuwabishii, maana anayekwenda peke yake na mafundi sita hawezi kupata bei nafuu. Lakini tutazame Tanzania. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulipoanza kazi mwaka 2015, mwajiri wa sekta binafsi alichangia asilimia 1 ya mishahara. Kiwango kikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, na 0.5 mwaka 2022. Katika kila shilingi 100,000 za mshahara, hizo ni shilingi 500. Mzigo huwa mwepesi unapobebwa na waajiri wote, wa karani na wa fundi.

Pasipo bima, haki ya fidia hubaki karatasini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 hupima ulemavu kamili wa kudumu kwa mapato ya miezi 96; ya Uganda huwapa wategemezi wa marehemu mapato ya miezi 60. Ni mwenye karakana gani ndogo atakayetoa fedha hizo mfukoni? Huuza gari, hufunga mlango, na aliyeanguka hurudishwa kwao kwa mchango wa wenzake.

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, wengi wa wenzake hao wametoka Uganda na Kenya. Isidhaniwe kuwa bima iliyokatwa Kampala au Nairobi humfuata fundi kila aendako. Mkataba usomwe kabla ya kuvuka Nimule.

Tunashauri kila zabuni ya viyoyozi iwe na fungu la bima linalosimama peke yake, wala lisiingizwe katika mashindano ya bei. Lilipwe baada ya mkandarasi kuonyesha hati yenye majina, na majina hayo yalinganishwe langoni na watu wanaobeba ngazi. Wakandarasi wadogo nao waungane wakate bima moja. Sheria ya Kazi ya mwaka 2017 ipo, na Wizara ya Kazi haihitaji kungoja sheria nyingine ili kuzitaka ofisi za Serikali zianze, kabla joto la Februari halijawatuma tena mafundi juu ya mapaa.