Programu Yako Itafika Jumatatu?

Wanachuo wenzangu wa kompyuta, tuambiane ukweli. Mradi wa mwaka wa mwisho tunautetea kwa dakika kumi. Unawasha laptopu, unafungua programu, unabofya hapa na pale, jopo linasema "sawa", unafunga, unakwenda kupiga picha na wenzako. Hakuna anayeuliza programu ile ingekuwa na hali gani kama ingeachwa ikifanya kazi toka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Na kwa kuwa hakuna anayeuliza, wengi wetu tunamaliza chuo bila kuweza kujibu swali la msingi kabisa la fani yetu: kitu ulichokiumba kwenye memori kinakufa lini, na nani anakizika?

Hoja yangu ni hii. Kila anayesoma kozi ya programu za mifumo aandike kwa mkono wake mwenyewe hesabu ya marejeo, kwa lugha ya C, kabla ya kuhesabiwa kuwa amefaulu. Kuisoma kwenye desa usiku wa kuamkia mtihani hakutoshi. Aiandike, imvunjikie, aitengeneze.

Kwa wale ambao si wa fani yetu, jambo lenyewe halina uchawi. Programu inapohitaji nafasi ya kuwekea kitu, inaikopa kwenye memori. Kitu hicho kinaweza kutumiwa na sehemu tatu au nne za programu kwa wakati mmoja. Sasa nani airudishe nafasi? Anayewahi kuirudisha anawaharibia wenzake ambao bado wanaitumia. Kila mmoja akidhani mwenzake atairudisha, hairudi kabisa. Ni chumba cha hosteli chenye watu wanne na taa moja. Kanuni inayofanya kazi ni moja tu: wa mwisho kutoka azime.

Lakini utajuaje kuwa wewe ndiye wa mwisho? Unahesabu. Kila kitu kinatembea na namba moja, yaani idadi ya washikaji wake, na hapa nasema washikaji kwa maana halisi ya neno: wanaokishika. Anayekishika anaongeza moja. Anayekiachia anapunguza moja. Ikifika sifuri, aliyeifikisha hapo anarudisha nafasi. Basi. George Collins aliliandika wazo hili mwaka 1960. Mwaka huohuo John McCarthy, baba wa Lisp, alieleza njia ya pili: acha taka zirundikane, nafasi ikiisha simama ufagie. Mabishano kati ya njia hizo mbili hayajaisha mpaka leo.

Najua kuna mtu ameshasema, "Kaka, hayo ya kizamani, siku hizi lugha inafagia yenyewe." Sawa. Fungua Python hiyohiyo unayoitegemea kwa kila zoezi. Toleo lake la kawaida, CPython, linaendeshwa kwa hesabu ya marejeo. Ukiandika `del x` hujaua kitu chochote, umefuta jina moja na kupunguza namba kwa moja. Ukitumia `sys.getrefcount` kuuliza orodha yenye jina moja ina washikaji wangapi, kwenye matoleo tuliyozoea utajibiwa 2, kwa sababu hata anayeuliza anakuwa ameishika wakati anauliza. Swift ya simu za iPhone ni hesabu hiyohiyo, ila inaandikwa na kompaila badala yako. C++ iliweka `shared_ptr` kwenye kanuni zake mwaka 2011. Rust ina `Rc` na `Arc`.

Tena usiishie kwenye lugha. Piga `ls -l` kwenye Linux yoyote. Ile namba inayofuata baada ya ruhusa za faili ni hesabu: faili hili lina majina mangapi. Amri ya `rm` inaondoa jina tu. Data zenyewe zinaondoka pale majina yanapofika sifuri na hakuna programu iliyolifungua faili hilo. Ndiyo maana unaweza kufuta faili kubwa la kumbukumbu za seva, ukaangalia diski, ukakuta bado imejaa pomoni. Seva bado imelishika. Mpaka ifungwe, au ikubali kuliachia, faili lisilo na jina linaendelea kula nafasi. Mwanafunzi aliyewahi kuandika hesabu ya marejeo halimshangazi jambo hili hata kidogo.

Ugumu uko wapi basi, kama ni kuongeza moja na kupunguza moja? Wahenga walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga. Kushika kunafanyika sehemu moja, mwanzoni, mambo yakiwa shwari. Kuachia kunatakiwa kufanyike kwenye kila mlango wa kutokea: kazi ikiisha salama, faili lisipopatikana, mtandao ukikatika katikati. Sisi tunaandika vizuri ule mlango wa mbele, mingine tunaisahau.

Na si sisi tu. Januari 2016 ilitangazwa kasoro ya kerneli ya Linux iliyopewa namba CVE-2016-0728, ambayo ilikuwa imekaa humo toka toleo la 3.8. Katika sehemu inayotunza funguo za siri, njia moja ya kutokea ilisahau kuachia. Kila ukipita njia hiyo, namba inapanda kwa moja na haishuki. Namba yenyewe ilikuwa ya biti 32, kwa hiyo mtu mwenye subira angeweza kuipandisha mara 4,294,967,296 hadi izunguke irudi sifuri. Kerneli inaona sifuri, inarudisha nafasi, kumbe kitu bado kimeshikwa. Hapo mtumiaji wa kawaida aliweza kujipatia mamlaka yote ya mashine. Kwa sababu ya mstari mmoja. Mwaka 2017 Linux ilipata aina mpya ya kihesabu, `refcount_t`, ambacho kikifika ukomo kinaganda hapohapo na kukataa kuzunguka. Waliona afadhali memori ipotee kuliko kuachia kitu kilicho mikononi mwa mwingine.

Sitaki nionekane naiuza njia hii kama dawa ya kila ugonjwa. Ina udhaifu wake. Vitu viwili vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe, hata dunia nzima ikiviachia, kila kimoja kitabaki na namba 1 milele. Ni wale rumeti wawili, kila mmoja anasubiri mwenzake atoke kwanza. Python ililazimika kuongeza mfagiaji wa vitanzi kama hivyo kwenye toleo la 2.0, mwaka 2000. Lugha nyingine zinakupa rejeo dhaifu, linalokiona kitu bila kuhesabiwa: mzazi anamshika mtoto, mtoto anamtazama mzazi tu. Kuna na thredi pia. Kuongeza moja kunaonekana ni tendo moja, kumbe ni matatu: kusoma, kujumlisha, kuandika. Thredi mbili zikigongana hapo katikati, hesabu moja inapotea. Ukizuia zisigongane, unalipa kwa kasi.

Ila huo udhaifu ndio sababu yangu ya kutaka tuuandike kwa mkono. Programu yenyewe haizidi ukurasa mmoja, lakini ndani yake unakutana na umiliki, njia za makosa, vitanzi na thredi. Hayo ni mambo manne ambayo kwenye mhadhara yanapita kama slaidi nne, na kwenye mtihani yanageuka maana nne za kukariri.

Turudi kwenye zile dakika kumi. Chukua seva inayopokea maombi 10 kwa sekunde, na kila ombi linaacha kilobaiti 1 isiyorudishwa. Ndani ya dakika kumi umepoteza megabaiti 6. Hakuna mjumbe wa jopo atakayeziona. Toka Ijumaa saa 11 jioni hadi Jumatatu saa 2 asubuhi ni saa 63. Hapo umepoteza zaidi ya gigabaiti 2, na mashine nyingi tunazozifahamu zitakuwa zimeshalala. Programu ni ileile. Imepewa A kwa sababu ilifungwa mapema.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na naomba wawakilishi wetu wa serikali ya wanafunzi wayafikishe idarani. Kwanza, zoezi la hesabu ya marejeo liingie kwenye kozi na libebe alama za kutosha kiasi kwamba ukilidesa unaumia. Pili, mradi wowote unaodai kuwa seva uachwe maabara wikendi moja, programu ndogo ikiutumia maombi mfululizo, na grafu ya memori iwekwe mbele ya jopo siku ya utetezi. Haihitaji bajeti. Mashine zipo, na wikendi zinakaa bure.

Tutalalamika, najua, na sapu zitaongezeka msimu wa kwanza. Lakini mfumo wa hospitali ya wilaya au wa tiketi za mabasi hautafungwa baada ya dakika kumi. Atakayeuandika yuko darasani kwetu sasa hivi, na ni bora aione grafu inayopanda akiwa bado hapa, mhadhiri yuko karibu, na hakuna mgonjwa anayesubiri foleni.