Haki ya Mwenye Kukumbuka

Wako wasemao kwamba nyimbo za kale hazina mwenyewe, basi azitiaye katika santuri ndiye mwenye kuzimiliki. Msomaji, usikubali neno hilo.

A. P. Carter wa Virginia, Marekani, alianza mwaka 1927 kurekodi nyimbo za milimani pamoja na jamaa zake, akapata sifa kubwa. Lakini nyimbo zile alizipataje? Tangu 1928 alizunguka milima akifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mwafrika wa Marekani, aliyekatika mguu katika kiwanda cha saruji. Carter aliandika maneno. Riddle alihifadhi mahadhi kichwani hata wakarudi nyumbani. Hata hivyo, nyimbo nyingi ziliandikishwa kwa jina la Carter peke yake.

Watasema, “Carter aliziokoa zisipotee.” Kweli, na ashukuriwe. Lakini maneno pasipo mahadhi ni wimbo gani? Mgala muue na haki umpe.

Nawe, uendapo kwa wazee kukusanya nyimbo na ngano, kwanza andika jina la yule aliyekupa. Asiyefanya hivyo hakukusanya; amenyang’anya.