Mboji, Riziki Iliyofichwa Ardhini



Katika nyumba nyingi za pwani yetu siku huanza kwa ufagio. Uwanja hufagiwa, majani ya mwembe na mkanju hukusanywa pembeni, kisha hutiwa moto. Usafi ni katika dini, na twausifu; lakini pamoja na moshi ule huondoka kitu ambacho ardhi yetu yakihitaji mno.

Kitu hicho ni mboji, ule weusi laini unaobaki baada ya majani na samadi kuoza. Ndani yake mna viambato ambavyo wanasayansi huviita asidi ya humiki na asidi ya fulviki. Mchanga mtupu haushiki maji wala chakula cha mmea. Mvua ikinyesha, vyote huzama kupita mizizi. Viambato vya mboji huzuia potasiamu, kalsiamu na magnesiamu zisichukuliwe na maji, kisha huiachia mizizi kidogo kidogo. Katika udongo mwekundu, kama ule wa Magarini, chuma hufungamana na fosforasi hata mmea usiipate. Viambato hivyo huitangulia fosforasi kushikana na chuma, nayo ikabaki huru. Tena asidi ya humiki huichochea mizizi kuchipuza vijimizizi vingi.

Mwenye ng'ombe wa maziwa huyaona haya katika nepia. Majani haya hukatwa mara kwa mara, na kila mzigo uendao horini hubeba rutuba ya shamba. Samadi isiporudi, shina hukonda, jani hugeuka manjano, na maziwa ya watoto hupungua. Joto letu nalo huimaliza mboji upesi kuliko katika nchi za baridi. Kwa hivyo kuirudisha mara moja hakutoshi.

Siku hizi huuzwa pia maji meusi ya humiki katika chupa. Mengi hutolewa katika leonaditi, jamii ya makaa ya mawe. Hatusemi hayana faida. Lakini faida yake hutofautiana ardhi kwa ardhi, na chupa haiwezi kujaza upungufu wa samadi. Mwenye kununua na ajaribu safu moja kwanza, ailinganishe na safu ya pili, kabla ya kuzigusa fedha za matumizi ya nyumba.

Iliyo karibu zaidi nasi ni njia ya tumbukiza, ijulikanayo na wafugaji wa Kenya. Chimbeni shimo la upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, mkiutenga udongo wa juu na ule wa chini. Changanyeni debe 1 la udongo wa juu na debe 1 au 2 za samadi iliyoiva, mlijaze shimo na kubakisha sentimita 15 juu ili maji ya mvua yatuame. Pandeni humo vipande 5 hadi 10 vya shina la nepia mvua zinapoanza. Na majani ya uani yasichomwe: yarundikwe kivulini pamoja na samadi, yanyunyizwe maji na kugeuzwa, hata yawe meusi na yanuke udongo.

Tukumbushane na tohara. Katika madhehebu ya Shafi, iliyoenea pwani, mavi ya ng'ombe ni najisi. Aliyeshika samadi na ajitoharishe mwili na nguo kabla ya kusimama katika sala.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba alichopanda Muislamu, kikaliwa na mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake. Basi tusiinyime ardhi haki yake, nasi twataraji thawabu za kile inachootesha.

Wabillahi tawfiq.