Hiyo Tik-Tik Si Kelele, Ni Ngoma

Wasee, kuna kitu kinanikera. Kila prodyusa ninayekutana naye hapa Kisumu akijaribu kugeuza nyatiti iwe MIDI analalamika: noti zinatoka ovyo, ala yenyewe ndiyo chafu. Mimi pia nilisema hivyo. Nilikosea.

Nilienda Nyakach na laptopu na maiki moja nikamrekodi mzee fulani. Kurudi nyumbani nikabonyeza kitufe cha kugeuza. Nyatiti ina nyuzi nane tu, lakini skrini ilijaa noti kama omena kwenye karai. Nilichukua siku mbili kuelewa kwamba makosa yalikuwa ya aina tatu.

Ya kwanza ni kelele kweli. Kulikuwa na noti ya G chini kabisa, haikatiki mwanzo hadi mwisho. Mzee hakuipiga. Stima yetu inavuma kwa 50 Hz, na G hiyo iko kwenye 49 Hz, kwa hivyo programu iliandika mvumo wa chaja kama muziki. Dawa ni rahisi: chomoa chaja, rekodi kwa betri, kisha iambie programu isitafute noti zilizo chini ya uzi mnene kabisa.

Ya pili si kelele. Jathum huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mbao ya nyatiti, huku njuga zikilia mguuni. Programu husikia kila mgongo kama mwanzo wa noti mpya. Watu wanaikata. Manze, hiyo ndiyo ngoma ya wimbo! Afadhali umwombe apige mara mbili, mara ya kwanza kila kitu, mara ya pili bila pete. Geuza ile ya pili, na mguu ubaki sauti kama ulivyo.

Ya tatu ndiyo inaniuma zaidi. Nyuzi hupangwa kwa sikio, zifuate sauti ya mwimbaji, si piano. Programu ikikuta sauti iliyo kati ya noti mbili, inaisukuma kwa jirani. Basi washa kupinda noti, na uhakikishe kipimo cha kupinda ni kimoja kote. Programu ikiwa kwenye nusutoni 2 na sinthi yako kwenye 12, mpindo wa nusu ya nusutoni utasikika kama nusutoni tatu. Halafu unasema nyatiti imeharibika!

Nilipomchezea mzee toleo langu la kwanza, lile "safi", aliuliza ni nani anapiga. Hakuwa anatania.

Ayub Ogada alitoa albamu ya En Mana Kuoyo mwaka 1993 kupitia Real World, na nyatiti yake ilisikika mbali bila kugeuzwa piano. Sasa sisi tunatengeneza sauti za nyatiti za kubonyeza kwenye kibodi. Kuna mtoto wa Kondele ataisikia nyatiti mara ya kwanza kutoka kwa faili zetu, na atakachosikia ndicho atakachokiita nyatiti.

Kwa hivyo tumieni MIDI, mimi pia naitumia. Lakini msifute rekodi ya kwanza, na kabla hujakata kitu, rudi kwa aliyepiga umuulize kama ni kelele.